Fataki na baruti zisikae mfuko mmoja

SWALI: Nina gobole la marehemu baba, nimeshalimiliki kwa leseni. Nikienda kuwinda, fataki, goroli na baruti naviweka mfuko mmoja wa koti. Kuna ubaya? – Msomaji, Kasulu

JIBU: Ubaya upo, tena mkubwa. Fataki hulipuka kwa kugongwa. Ukijikwaa ukaangukia jiwe, goroli ikaibana, cheche inakutana na baruti ubavuni mwako. Vitenganishe leo hii.

Baruti itie kwenye pembe ya ng'ombe yenye kizibo cha mti kinachobana. (Ya nyati usiiguse, ni nyara ya Serikali.) Ila usimimine kutoka kwenye pembe moja kwa moja hadi mtutuni: kikibaki kijinga cha moto cha mlio uliopita, pembe nzima italipukia mkononi. Pima kiasi cha mlio mmoja ungali nyumbani, ukitie katika vipande vya mianzi vyembamba kama kidole, kila kimoja na kizibo chake.

Fataki zikae kopo dogo lenye pamba ndani, mfuko wa upande wa pili. Goroli hazina shida, kifuko cha ngozi chatosha. Mvua za Kibondo na Kasulu zinalowesha baruti upesi, kwa hiyo funga kila kitu kwa nailoni.

Na kwa kuwa umetaja leseni: leseni ya silaha, inayosimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, si kibali cha kuwinda. Hicho kinaombwa peke yake, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009.