Fosforasi Katika Sahani Yetu: Mwongozo kwa Watu Wazima wa Makutano, Meru na Embu

Fosforasi hufanya kazi gani?

Fosforasi ni madini yaliyomo katika kila seli ya mwili. Karibu asilimia 85 yake imo katika mifupa na meno, ambako hushirikiana na kalsiamu kuyapa ugumu. Iliyobaki husaidia misuli, neva na damu. Bila fosforasi, chakula hakiwezi kugeuka nguvu za kulima, kutembea au kubeba mzigo.

Wataalamu wa Marekani hupendekeza mtu mzima apate miligramu 700 kwa siku, na wa Ulaya 550.

Tunaipata wapi?

Wengi wetu tunayo ya kutosha mezani. Makadirio ni haya:

- Maharagwe yaliyoiva, kikombe kimoja: miligramu 240
- Maziwa, kikombe kimoja: 220
- Ndengu zilizoiva, kikombe kimoja: 200
- Nyama ya ng'ombe iliyopikwa, gramu 100: 200
- Yai moja: 90

Chukua siku ya kawaida: chai yenye kikombe cha maziwa asubuhi, githeri yenye kikombe cha maharagwe mchana, na kikombe cha ndengu kwa chapati jioni. Maziwa, maharagwe na ndengu pekee zimefika 660. Ukiongeza mahindi na chapati, umevuka 700. Mbaazi, njahi, wimbi, mtama na omena nazo zina fosforasi nyingi. Kwa hiyo mtu mzima mwenye afya njema, anayekula vizuri, hahitaji kununua vidonge vya fosforasi.

Chanzo ni muhimu kuliko kiasi

Katika nafaka na jamii ya maharagwe, sehemu kubwa ya fosforasi imefungwa ndani ya kemikali iitwayo faiteti, ambayo tumbo letu haliwezi kuivunja vizuri. Mara nyingi mwili hupata chini ya nusu. Ile ya maziwa, mayai na nyama huingia zaidi ya nusu.

Ipo ya tatu: fosforasi inayotiwa viwandani ili nyama ishike maji, unga uumuke au kinywaji kiwe na ukali. Hii huingia mwilini karibu yote. Hupatikana katika soseji na smoki nyingi zinazouzwa stejini, jibini laini za pakiti, beking poda na soda nyeusi za kola. Chupa ya kola ya mililita 300 ina kama miligramu 30 hadi 50 tu, lakini huja na sukari nyingi, na anayeinywa kila siku huenda ameacha maziwa. Wanaotafuna miraa wawe waangalifu zaidi: hamu ya chakula hupungua, na soda huchukua nafasi ya mlo.

Geuza pakiti usome maandishi madogo ya nyuma. Ukiona neno lenye herufi "phos", au namba E338 hadi E341 na E450 hadi E452, fosforasi imeongezwa. Kwa kawaida kiasi chake hakiandikwi.

Figo zinapochoka

Figo nzima hutoa fosforasi ya ziada kwa njia ya mkojo. Figo zilizoharibika, mara nyingi kwa kisukari au presha, hushindwa. Fosforasi hupanda katika damu, kalsiamu hutolewa mifupani, mifupa hudhoofika, na mishipa ya damu hukakamaa, hali inayouchosha moyo. Wengine huwashwa ngozi mwili mzima. Lakini kwa muda mrefu mtu anaweza asihisi lolote.

Kusafishwa damu kwa mashine hupunguza fosforasi, ila hujaa tena kabla ya zamu inayofuata. Ndiyo maana mgonjwa huandikiwa dawa ya kuizuia tumboni. Dawa hiyo humezwa pamoja na chakula. Ikimezwa tumbo likiwa tupu, haisaidii.

Upungufu

Ni nadra. Huwapata hasa walevi wa muda mrefu, waliokaa na njaa kali, na wanaotumia dawa za kiungulia kila siku bila ushauri. Dalili ni udhaifu wa misuli, maumivu ya mifupa na kuchanganyikiwa.

Fanya haya

1. Endelea na githeri, ndengu na maziwa. Punguza soseji, smoki na soda.
2. Roweka maharagwe na mahindi makavu usiku kucha, mwaga maji, kisha chemsha kwa maji mapya. Faiteti hupungua, na mwili hupata madini ya chuma na zinki kwa urahisi. Uji wa wimbi uliochachushwa hufanya vivyo hivyo.
3. Pima presha na sukari. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita majumbani wamepewa mikoba yenye vifaa hivyo.
4. Ukiwa na kisukari au presha, omba pia kipimo cha kreatinini katika damu na cha protini katika mkojo angalau mara moja kwa mwaka.
5. Ukiwa na ugonjwa wa figo, usiache maharagwe wala maziwa kwa kusikia tu. Muone mtaalamu wa lishe hospitalini akupangie kiasi. Cha kwanza kuondoa mezani ni fosforasi ya viwandani.