SIKU YA KUZALIWA: TUPIME NIA ZETU



Kila siku ya kuzaliwa inaporudi, rafiki zetu hutuambia: «Sasa umekua!» Neno hilo ni jema, lakini si kweli siku zote. Miaka huongezeka yenyewe, hata kwa mtu aliyelala. Muhogo waweza kukaa shambani miaka miwili, majani yake yakapendeza macho. Lakini mkulima hajui ukubwa wake mpaka siku anapofukua mizizi. Mizizi ya mtu ni nia zake, yaani yale anayoyataka moyoni. Basi, katika somo hili tutafute namna ya kuifukua mizizi hiyo mara moja kwa mwaka. Mwalimu wetu atakuwa Mwafrika, Mtakatifu Agostino, pamoja na mama yake, Mtakatifu Monika.

1. Karamu ya namna nyingine

Agostino alizaliwa tarehe 13 Novemba mwaka wa 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Alipotimiza miaka 32, mwaka wa 386, alikuwa Italia, mbali na kwao. Hapo kwanza alikuwa mwalimu wa ufasaha wa maneno katika mji mkubwa wa Milano, kazi yenye heshima na mshahara mwema. Lakini kifua kilikuwa kikimwuma, na zaidi ya kifua, moyo wake ulikuwa umegeuka. Aliiacha kazi ile, akakusudia kubatizwa. Rafiki mmoja akamwazima nyumba shambani, mahali palipoitwa Cassiciacum. Huko alikaa na mama yake, kaka yake, mwanawe Adeodatus, binamu wawili na wanafunzi wake.

Tuangalie vema hali yake. Cheo kimekwisha, ubatizo bado haujafika, na watu wa nyumbani wanamtazama. Mtu wa namna hiyo huona siku ya kuzaliwa kuwa nzito.

Agostino alifanya nini? Siku ile walikula chakula cha mchana, lakini kidogo tu, ili akili zisilemewe. Kisha akawaita wote katika nyumba ya kuogea, palipokuwa na utulivu. Akawaambia kwamba katika siku yake ya kuzaliwa hapendi kulisha miili tu. Roho nayo ina njaa yake. Mazungumzo yao yalidumu siku tatu. Siku ya tatu mawingu yalitawanyika, wakatoka na kukaa penye majani. Maneno yale aliyaandika katika kitabu kidogo kiitwacho «De beata vita», maana yake, «Juu ya maisha ya heri».

Wale binamu wawili hawakuwa wamesoma shule, lakini Agostino alitaka wawepo, kwa kuwa aliiamini akili yao ya kuzaliwa nayo. Hata Adeodatus, aliyekuwa mdogo kupita wote, aliulizwa na akajibu. Basi asiseme mtu: «Mambo hayo ni ya wenye elimu.»

2. Jibu la mama

Agostino aliuliza: je, sote twataka kuwa na heri? Wote wakakubali. Akauliza tena: je, kila apataye akitakacho ana heri? Hapo Monika akajibu kwamba mtu akitaka mema na kuyapata, ana heri. Lakini akitaka mabaya, hata akiyapata, ni maskini wa kuhurumiwa. Mwanawe alifurahi mno, akasema kwamba mama amefika palipo na kilele cha hekima.

Tulitie jibu hilo moyoni. Sisi hudhani kwamba mwaka mwema ni ule uliotupa tulivyovitaka: cheti, kazi, nyumba ya mabati, mchumba. Monika hutufundisha kuanza nyuma ya hapo. Kabla ya kuuliza «Nimepata?», tuulize «Nilichokitaka kilikuwa chema?» Kijana mmoja hutaka kuwa mwuguzi ili awaponye wagonjwa, mwingine hutaka kazi ile ile ili majirani wamwogope. Kwa macho, kusudi ni moja. Kwa mizizi, wamepishana mbali. Tena yule aliyetaka kwa kiburi, siku atakapopata cheti, shida yake itakuwa imeongezeka, kwani sasa ana nguvu ya kutimiza ubaya wake.

3. Mtu asiyekosa kitu

Siku ya tatu walimtaja tajiri mmoja wa Roma ya kale, jina lake Orata. Alikuwa na mali, afya, rafiki na anasa zote. Wakauliza: je, alikosa kitu? Mmoja akasema kwamba labda aliogopa kupoteza mali yake. Lakini Monika aliona mbali zaidi: hata kama hakuogopa, alikosa hekima, na hakuna uhitaji mkubwa kupita huo. Mwisho wakaelewana kwamba hekima ni kipimo cha roho, isizidi kwa tamaa wala isipungue kwa woga, na kwamba aliye na Mungu ndiye mwenye heri.

4. Kukua hakuishi

Agostino alibatizwa na Askofu Ambrosio huko Milano, usiku wa Pasaka mwaka wa 387, pamoja na Adeodatus. Mwaka ule ule Monika akafariki. Baadaye Agostino akawa padri, kisha askofu wa Hippo, akafa mwaka wa 430. Lakini miaka michache kabla ya kufa alivisoma tena vitabu vyake, kimoja kimoja, akaandika yaliyohitaji kusahihishwa. Juu ya kitabu kile cha siku ya kuzaliwa alikiri kwamba alimsifu mno mtu fulani, na kwamba alisema kana kwamba heri yaweza kukamilika hapa duniani. Alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 70, naye bado alijisahihisha. Huko ndiko kukua.

5. Sisi tufanyeje?

Siku yako itakapofika, kula na kufurahi pamoja na watu wako. Kama siku yako haikuandikwa, chagua siku ya ubatizo wako, ambayo imo katika kitabu cha parokia. Kisha tafuta saa moja ya utulivu, ufanye hivi:

Kwanza, taja kitu ulichokitaka kupita vyote mwaka huu, bila kujidanganya.

Pili, uliza kama ni chema, na unakitaka kwa ajili ya nani.

Tatu, shika kusudi moja tu, dogo, lililo katika uwezo wako: kusoma nusu saa kila jioni, kulipa deni, kupatana na ndugu. Makusudi kumi hufa pamoja.

Nne, mwambie mtu anayekupenda, ili akuulize baada ya miezi mitatu. Agostino hakujipima peke yake. Alikuwa na mama yake.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini Monika hakusema kwamba kila apataye akitakacho ana heri?
2. Orata alikosa nini?
3. Nyumbani kwetu, ni nani aliye na ruhusa ya kutuambia ukweli siku ya kuzaliwa kwetu?