Twende Sanje! Panga safari kwa mwendo wa aliye nyuma

Somo la leo linahitaji kalamu, karatasi na raba. Raba ya kufutia, na raba za miguuni pia. Tunapanda mlima kwenda kuona maporomoko ya maji, asubuhi twende na jioni turudi.

Hebu tuchukue mfano. Klabu moja ya Kidato cha Tatu imekaa chini ya mwembe kupanga safari.
"Mimi naleta redio!"
"Mimi kamera!"
"Wali tutapika huko huko, au?"
Kila mtu anaongea. Msichana mmoja tu kanyamaza. Ana pumu. Mwaka jana kwenye mbio za shule alibanwa kifua, wenzake wakamcheka. Sasa anajiuliza: nikisema, si wataniacha? Na nisiposema, je, nikibanwa kule juu?

Wewe ungemshauri nini? Shika swali hilo, tutalirudia.

TUNAKWENDA WAPI?

Maporomoko ya Sanje yako katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, mkoani Morogoro. Maji huanguka kwa hatua, jumla ya mita 170. Mpira wa miguu una uwanja wa kama mita 100. Sasa simamisha uwanja huo wima, halafu ongeza zaidi ya nusu yake. Si mchezo!

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992, na ina eneo la kilomita za mraba 1,990. Makao yake makuu yako Mang'ula, kama kilomita 60 kusini ya Mikumi kwenye barabara ya Ifakara. Ndani hakuna kutalii kwa gari. Ni miguu yako tu, pamoja na mwongozaji wa hifadhi. Ukibahatika utamwona mbega mwekundu wa Udzungwa, ambaye hapatikani kwingine duniani. Yupo pia kima aitwaye mangabei wa Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu. Ukifika juu na kugeuka nyuma, unaona bonde la Kilombero na mashamba ya miwa yametandazwa kama mkeka.

Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, wakati wa kiangazi. Machi hadi Mei mvua ni nyingi, njia inateleza na mto unajaa. Mwalimu awasiliane mapema na ofisi ya hifadhi kuhusu viingilio, mwongozaji na hali ya njia.

HATUA YA 1: NANI ANAKWENDA?

Wengi huanza na chakula. Sisi tuanze na watu. Kabla ya siku ya safari, kila mmoja azungumze faragha na mwalimu au matroni. Mambo ya kusema ni haya:

• Pumu. Dawa ya kuvuta ikae mfukoni mwako, siyo ndani ya basi wala kwenye mkoba wa rafiki. Kama daktari alikuambia uivute kabla ya mazoezi, fanya hivyo.
• Selimundu. Kazi nzito, kiu na maji ya baridi vinaweza kuamsha maumivu. Muulize daktari kwanza. Ukiruhusiwa, nenda taratibu, kunywa maji mara kwa mara, na usiingie mtoni.
• Kifafa. Meza dawa kama kawaida, usikae karibu na ukingo wala maji, na awepo mwenzako anayejua la kufanya.
• Homa au kuharisha. Hapo bwana, baki. Maporomoko hayahami.

Na nyie dada zetu, hedhi siyo ugonjwa. Ukijisikia vizuri, nenda. Beba pedi au vitambaa safi, pamoja na mfuko wa kurudishia vilivyotumika. Msituni hatutupi kitu.

HATUA YA 2: PIGA HESABU YA MUDA

Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo. Kwa vipimo vyetu ni hivi: hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda juu.

Tuseme njia ina kilomita 3 na mnapanda mita 300. (Hizi ni namba za mfano, za kwenu muulizeni mwongozaji.)

Kilomita 3 ni dakika 36.
Mita 300 ni dakika 30.
Jumla ni dakika 66.

Lakini Naismith alifikiria mtu mzima mwenye nguvu, anayetembea bila kusimama. Nyie ni kundi: yupo wa kufunga kamba za viatu, yupo wa kuchimba dawa, yupo wa kushangaa kima. Ongezeni nusu, yaani dakika 33. Jumla inakuwa dakika 99, au saa moja na dakika 40 hivi.

Mkianza saa 3:00 asubuhi, mtafika saa 4:40. Pumzikeni, kuleni, pigeni picha mpaka saa 6:00. Kushuka kupeni muda ule ule, maana magoti yamechoka na mawe yanateleza. Saa 7:40 mko chini, na jua bado lipo.

Sasa sikilizeni. Hiyo saa 6:00 ndiyo SAA YA KUGEUKA. Iandikeni kwenye karatasi ya kila mtu. Ikifika, mnageuka hata kama mmebakiza kona moja. Kwetu jua huzama kama saa 12 na kitu jioni, lakini chini ya miti giza huwahi. Anayesema "bado kidogo tu" ndiye anayewalaza wenzake porini.

HATUA YA 3: MKOBANI KUNA NINI?

• Maji safi ya kunywa, lita 2 kwa kila mtu. Kunywa kidogo kidogo, usingoje kiu. Maji ya mtoni yanaonekana meupe, lakini yanaweza kuleta homa ya matumbo na kuhara.
• Viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, ndizi mbivu, karanga. Kupika msituni hapana, moto ni hatari. Na redio iache nyumbani, kima hawataki muziki wako.
• Raba zenye meno na soksi. Kandambili na yeboyebo zinateleza, na siafu wanazipenda sana.
• Koti la mvua, kofia, filimbi, bandeji na tochi.
• Simu yenye chaji. Lakini usiitegemee, mtandao unaweza kukosekana.

HATUA YA 4: PALE MAJINI

Uzuri wa maporomoko ndio hatari yake. Mawe yenye ukungu wa kijani huteleza kama sabuni. Usisogee ukingoni kwa ajili ya picha. Usiruke kutoka kwenye jiwe kuingia majini, kwani hujui chini kuna nini. Oga tu pale mwongozaji aliporuhusu. Maji yakibadilika rangi ghafla au yakianza kupanda, tokeni haraka. Huenda mvua imenyesha juu mlimani hata kama kwenu jua linawaka.

AKIUMIA MTU

Akibanwa na pumu: simameni wote. Akae wima, asilazwe. Avute dawa yake. Asipopata nafuu, mwongozaji aombe msaada haraka, apelekwe hospitali.

Akiumwa na nyoka: atulie, asitembee akiweza kubebwa. Mvueni pete na bangili. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kubana. Hospitali moja kwa moja.

Akiharisha: mpeni maji ya chumvi na sukari. Lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.

TURUDI CHINI YA MWEMBE

Yule msichana alimweleza matroni. Matroni akamuuliza, "Ukubali tuwaambie wenzako?" Akakubali. Mkutano uliofuata alisema mwenyewe: "Nina pumu. Nataka kwenda." Kimya. Kisha mvulana mmoja akasema, "Na mimi goti langu bovu, nilikuwa naona noma kusema." Wakapanga upya: yeye atembee wa pili, nyuma ya mwongozaji, na mwendo wake ndio uwe mwendo wa wote. Mwalimu atafunga msafara, asiachwe mtu nyuma. Anayesema "nimechoka" hachekwi, anapewa maji.

Kwa hiyo, safari nzuri siyo ile ambayo wenye nguvu walifika kwanza. Ni ile ambayo mliokwenda 20 mmerudi 20.

ZOEZI

1. Njia ina kilomita 5, mnapanda mita 400. Tumia kanuni ya Naismith, kisha ongeza nusu. Mtapanda kwa muda gani? (Jibu: saa 2 na nusu.)
2. Mkianza saa 2:30 asubuhi na mnatakiwa kuwa chini saa 9:00 alasiri, saa yenu ya kugeuka isizidi ngapi?
3. Jadilini: kwa nini mwanafunzi anaweza kuficha ugonjwa wake? Klabu yenu ifanye nini ili asiogope kusema?