Mtandao usio na mwenyewe: nani anafuta?

Kila maandishi yetu yakifutwa Facebook tunasema: laiti ungekuwapo mtandao usio na mwenyewe! Upo. Mastodon ilianzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko, huko Ujerumani. Programu yake ni ya bure. Yeyote anaweza kufungua seva yake na kuiunganisha na za wenzake.

Hebu tutazame yaliyotokea Julai 2019. Gab, mtandao wa Marekani uliojaa wabaguzi, ambao muuaji wa watu 11 katika sinagogi la Pittsburgh mwaka 2018 aliutumia kumwaga chuki zake, ulihamia kwenye programu hiyo hiyo. Rochko hakuweza kuuzuia, kwani leseni yake haibagui mtumiaji, hata huyo. Kilichobaki ni kila mwenye seva kufunga mlango wake. Wengi wakafunga, na walifanya vyema.

Lakini mlango huo huo unaweza kufungwa dhidi ya jamaa zako wasio na kosa, kwa kuwa tu wapo seva moja na wakorofi. Rufaa utaipeleka kwa nani? Kwa yule yule aliyefunga. Kuhama unaweza, na wafuasi wako utahama nao. Maandishi yako yanabaki kule ulikotoka.