Kusafisha Mzizi wa Jino: Maumivu Kunyamaza Si Kupona



Somo letu la leo ni juu ya jino bovu ambalo bado laweza kuokolewa. Wengi wetu tunajua dawa moja tu ya jino linalouma, nayo ni kung'oa. Lakini iko njia nyingine. Tabibu wa meno anaweza kusafisha ndani ya mzizi, akaua vijidudu, kisha akaziba. Jino likabaki mdomoni na kuendelea kutafuna.

Tuchukue mfano. Mkulima analeta machungwa yake kutoka Muheza mpaka Kariakoo, Dar es Salaam. Usiku jino linamwuma, hapati usingizi. Asubuhi anaingia duka la dawa karibu na soko. Ananunua vidonge vya kutuliza maumivu na vya kuua vijidudu. Baada ya siku chache jino linanyamaza. Anarudi nyumbani na kusema, "Nimepona." Je, amepona kweli? Hebu tutazame.

NDANI YA JINO MNA NINI?

Kwa nje jino ni gumu kama jiwe. Lakini katikati mna nyama laini, yenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Nyama hiyo ndiyo kiini cha jino. Kiini huendelea mpaka kwenye ncha ya mzizi kwa kupitia kijia chembamba sana. Kijia hicho huitwa mfereji wa mzizi. Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji 1. Gego mara nyingi lina mifereji 3, na pengine 4.

Tunapokula vitu vitamu, vijidudu vya mdomoni hula sukari na kutoa ukali. Ukali huo hutoboa jino polepole. Tundu likifika kwenye kiini, vijidudu huingia. Kiini huvimba, lakini kimezungukwa na ukuta mgumu, hakina nafasi. Ndiyo sababu jino huuma sana.

Mwisho kiini hufa. Mishipa ya fahamu nayo hufa, na maumivu hunyamaza. Jino limenyamaza kwa sababu limekufa ndani, si kwa sababu limepona. Vijidudu bado vimo. Vinakula nyama iliyooza, kisha vinatokea kwenye ncha ya mzizi na kuingia katika taya. Huko usaha hukusanyika.

KWA NINI VIDONGE HAVITOSHI?

Dawa unayomeza husafiri pamoja na damu. Kiini kilichokufa hakina damu tena. Kwa hiyo dawa haifiki mahali vijidudu vilipojificha. Vidonge alivyoandika mganga vinaweza kusaidia wakati uvimbe umeenea nje ya jino. Lakini haviwezi kuondoa uozo uliomo ndani yake.

Fikiri juu ya kibuyu cha maziwa. Ukikisuuza mdomoni tu, maziwa mapya yataharibika. Ni lazima ufikie chini, ukwangue, umwage, urudie, mpaka kitoke safi. Ndivyo ilivyo kwa mzizi wa jino. Hausafishiki kwa mbali.

TABIBU ANAFANYA NINI?

1. Anapiga picha ya eksirei ili aone mizizi na taya.

2. Anachoma sindano ya ganzi, usisikie maumivu.

3. Anazungushia jino kipande cha mpira mwembamba. Mpira huo huzuia mate yasiingie ndani ya jino, na huzuia dawa na vyombo visianguke kooni.

4. Anatoboa jino kwa juu, anaondoa uozo na kutafuta mdomo wa kila mfereji. Mfereji mmoja ukisahauliwa, ugonjwa unaweza kurudi.

5. Anapima urefu wa mfereji. Kisha anaukwangua kwa visindano vya chuma vyenye meno madogo kama tupa. Anaanza na chembamba, anaendelea na kinene zaidi.

6. Kila mara anaosha kwa dawa ya maji kwa kutumia bomba la sindano. Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Mfereji una vipembe na vijitawi ambavyo chuma hakifiki, bali maji hufika. Dawa inayotumika sana ni sodiamu haipokloraiti. Huua vijidudu, tena huyeyusha nyama iliyokufa.

7. Anakausha mfereji kwa vijiti vya karatasi. Akiona bado haujawa safi, huweka ndani dawa ya jamii ya chokaa na kuziba kwa muda. Anakupa siku ya kurudi.

8. Ukirudi, naye akiridhika, anajaza mfereji kwa gutapacha, kitu kinachotokana na utomvu wa mti. Kisha anaziba jino kwa juu. Gego mara nyingi huhitaji kofia ngumu, maana jino lililosafishwa ndani laweza kupasuka.

Meno mengine humalizika kwa siku moja. Mengine huhitaji kurudi mara mbili au zaidi.

HATARI YA KUACHA KATIKATI

Mtu akiisha safishwa mara ya kwanza, mara nyingi hupata nafuu. Hapo ndipo wengi hukosea. Wanaona nauli ya kurudi mjini ni hasara. Lakini kizibo cha muda si cha kudumu. Kikichakaa au kudondoka, mate huingia na vijidudu pamoja nayo. Kazi yote huharibika, na fedha imekwisha kutoka.

Kwa hiyo, kabla hujakubali kuanza, muuliza tabibu: Nitarudi mara ngapi? Jumla ni fedha kiasi gani? Jino hili lina nguvu ya kutosha kuokolewa? Ukijua hutaweza kurudi, mwambie wazi. Kung'oa jino vizuri ni afadhali kuliko kuacha mzizi uliosafishwa nusu.

Zahanati nyingi za vijijini hazina vyombo vya kazi hii. Kazi yetu sisi wa zahanati ni kukutazama na kukuelekeza kwa tabibu wa meno hospitalini. Ukiwa Kariakoo, Muhimbili si mbali. Huko ndiko mafunzo ya udaktari wa meno yalikoanza nchini Tanzania mwaka 1979.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Dawa ya kuoshea mfereji ni ya jamii moja na dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe. Lakini usijaribu kuitia katika jino mwenyewe! Huunguza nyama. Tabibu huipima, huimimina polepole, na huchunga isipite ncha ya mzizi.

Usitie katika tundu la jino maji ya betri, mafuta ya taa wala ugoro. Usikubali kung'olewa na mtu asiye na mafunzo wala vyombo vilivyochemshwa.

Uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, ukiwa na homa, ukishindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kumaliza kuuza mzigo. Usaha wa jino unaweza kuziba njia ya pumzi, na mtu akafa.

Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi. Punguza vitu vya sukari. Tundu dogo likizibwa mapema, mzizi hauguswi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini jino lililokufa huacha kuuma?
2. Kwa nini vidonge haviwezi kusafisha mfereji wa mzizi?
3. Mkulima wetu wa Muheza angefanya nini kabla ya kurudi nyumbani?
4. Kijijini kwenu, mgonjwa wa jino huenda wapi? Je, mahali hapo vyombo huchemshwa?