Flashi na Jicho Lipimalo Nuru

Watu wengi hudhani kwamba flashi zote zijipimiazo nuru hufanya kazi kwa namna moja. Sivyo. Mpiga picha wa mahafali hapati nafasi ya pili, hivyo yafaa ajue mapema nani apimaye nuru: yeye, flashi, au kamera.

Kwanza, kupima kwa mkono. Kila flashi ina namba ya uwezo wake. Igawanye kwa umbali, utapata tundu la lenzi. Tuseme namba ni 32 kwa mita, na ISO ni 100. Mtu akiwa mita 4, 32 ÷ 4 = 8, basi weka f/8. Akiwa mita 8, weka f/4. Umbali ukiwa mara mbili, nuru imfikiayo hubaki robo tu; nalo tundu la f/4 lina eneo mara nne ya lile la f/8.

Pili, flashi yenye jicho lake. Nuru ikimpiga mtu na kurudi, jicho huipima, na ikitosha flashi huzimika papo hapo. Huna haja ya kupima umbali, maadamu mtu yumo ndani ya mipaka ya flashi. Lakini jicho hili haliioni lenzi. Ukiiwekea flashi f/4, na lenzi iko kwenye f/8, picha itakuwa na giza. ISO nayo sharti ilingane.

Tatu, kamera ndiyo hupima, kwa nuru iliyopita ndani ya lenzi. Olympus OM-2, kamera ya mwaka 1975, ilipima nuru iliyorudishwa na filamu. Kamera za dijitali hutoa kwanza mmweko mdogo, hupima, kisha huiamuru flashi. Ukibadili tundu, kamera yajua. Ila flashi iwe imetengenezwa kuelewana na kamera hiyo.

Tahadhari: jicho lo lote hudanganyika. Wanafunzi wenye mashati meupe hurudisha nuru nyingi. Flashi huzimika mapema na nyuso huwa nyeusi. Suti nyeusi huleta kinyume chake. Hesabu ya mkono haidanganywi na nguo. Kwa hiyo jifunzeni hiyo kwanza.

Zoezi: Flashi ina namba 24 kwa mita, na ISO ni 100. Mwalimu amesimama mita 3. Utaweka tundu gani? Akisogea hadi mita 6, je?