Mfarishi wa Viraka: Namna ya Kuushona Nyumbani kwa Gharama Ndogo

Usiku wa Juni na Julai mjini Tabora, mahali palipoinuka takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, baridi humfanya mtu alitafute blanketi la pili. Anayekwenda dukani hukuta duveti zilizofungwa kwenye mifuko inayong'aa, nzuri kwa macho, ambazo mara nyingi hazionyeshi wazi ndani yake mna nini. Hatuna ugomvi na duveti za dukani. Tunachotaka kumwonyesha mlaji katika somo hili ni kwamba mfarishi, yaani nguo nzito ya kujifunika iliyoshonwa kwa tabaka mbili au tatu, unaweza kupatikana kwa gharama ya uzi peke yake, kwa kuwa vingine vyote tayari vimo ndani ya nyumba. Na pale ambapo italazimu kununua kitambaa, hasara kubwa hutokana na kipimo kuliko bei.

Upande huu wa nchi una historia ndefu ya kuhesabu nguo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe, na nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya safari. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mabegani majora ya merikani, kitambaa cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikotoka, pamoja na kaniki iliyotiwa rangi ya buluu iliyoiva. Kwa nguo hizo msafara ulinunua chakula, ukatoa posho, ukalipa hongo kwa watawala wa njiani ili upite. Kipimo kilikuwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono 4 ilifanya shuka, mikono 8 ilifanya doti.

Sasa tuhesabu. Mkono wa mtu mmoja ukiwa na sentimita 50 na wa mwenzake sentimita 44, doti zao zinapishana sentimita 48. Hiyo ni karibu nusu mita ya nguo iliyopotea bila mtu yeyote kusema uongo. Neno doti limebaki nasi, ingawa leo lina maana ya jozi ya khanga. Mkono wenyewe, kwa bahati mbaya, nao umebaki. Bado wapo wauzaji wanaonyosha kitambaa kutoka kifuani hadi ncha za vidole na kuita urefu huo mita.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, haimruhusu mfanyabiashara kupima kwa mwili wake. Bidhaa inayouzwa kwa urefu hupimwa kwa kipimo kilichohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Mlaji ana haki ya kuomba aonyeshwe rula ya mita na alama ya uhakiki wake, tena aombe kabla kitambaa hakijakatwa, kwa kuwa baada ya mkasi kupita mabishano huwa marefu. Angalia ncha za rula kama hazijalika. Angalia pia kitambaa kimelazwa mezani bila kuvutwa, kwani kitambaa chenye mvuto hurefuka mikononi mwa muuzaji na kurudi kifupi mikononi mwako.

Jambo jingine ni yadi. Yadi moja ni sentimita 91.44, si mita. Kitenge cha yadi 6 kina takribani mita 5 na nusu, na anayedhani amenunua mita 6 atapungukiwa na sentimita 51. Uliza jina la kipimo kwanza, kisha ndipo uulize bei.

Tuje kwenye mfarishi wenyewe. Tuchukue kitanda cha futi 4 kwa 6, yaani sentimita 122 kwa 183, kinacholaliwa na mtu mmoja. Kwa bitana tunatumia doti kuukuu ya khanga. Khanga moja huwa na takribani sentimita 110 kwa 150, lakini hazilingani zote, kwa hiyo pima zako kwanza. Ukiziunganisha mbili kwa upande mrefu, unapata bitana yenye upana wa sentimita 150 na urefu wa takribani 218. Khanga iliyochakaa huwa imelegea zaidi katikati, huku pindo zikiwa bado imara. Mahali palipolegea patiwe kiraka kwa ndani mapema, maana hapo ndipo mfarishi utakapoanza kupasuka.

Sehemu ya juu hushonwa kwa vipande vya mraba. Kata kila kipande sentimita 22 kwa 22. Ukitoa sentimita moja ya mshono kila upande, kitabaki na 20. Safu 7 za upana na 10 za urefu hufanya vipande 70, na sehemu ya juu inakuwa na sentimita 140 kwa 200. Shati kubwa la mwanamume, likifumuliwa mshono kwa wembe badala ya kukatwa ovyo, hutoa vipande vipatavyo 6, kwa hiyo mashati 12 yanatosha. Magauni, sare za shule na mabaki ya vitenge kwa fundi cherehani hufaa vilevile. Usichanganye nguo nzito na nyepesi. Kipande cha jinzi kikishonwa kando ya khanga huivuta khanga hadi ichanike, na lawama huangukia uzi usio na kosa. Kwa watu wawili ongeza safu mbili za upana. Vipande vitakuwa 90, na bitana itahitaji khanga ya tatu ili kuiongezea upana.

Tabaka la kati ndilo linalohifadhi joto, na hapa ndipo tunapoona watu wakikosea kwa nia njema ya kubana matumizi. Blanketi lililochakaa ni bora kuliko vyote. Fulana kuukuu zilizofumuliwa na kuunganishwa zinafuata. Ukinunua pamba iliyochambuliwa, gramu 300 kwa kila mita moja ya mraba hutosha. Mfarishi wetu una mita za mraba 2.8, kwa hiyo kilo moja kasoro. Hakikisha mizani inasoma sifuri kabla pamba haijawekwa. Sufi tuiache kwenye mito, kwa kuwa katika mfarishi hujikusanya mabonge. Chandarua chenye dawa kisitumike hata kikiwa kimetoboka, kwa sababu dawa yake haikukusudiwa kukaa shingoni na mdomoni mwa mtu usiku kucha. Vipande vya sponji ya godoro pia tunavikataza. Sponji hushika moto upesi na moshi wake una sumu, na katika nyumba inayowasha kibatari au mshumaa hilo si jambo dogo.

Kuunganisha tabaka si kazi ya kuogopesha. Tandaza bitana sakafuni, upande mzuri ukitazama chini, weka tabaka la kati, kisha sehemu ya juu. Piga bandi ndefu za muda kuanzia katikati kwenda pembeni ili tabaka zisihame. Baadaye shona mistari ya kudumu kila baada ya sentimita 10. Kama blanketi la ndani ni nene na sindano inakataa, acha mistari na ufunge fundo la uzi maradufu katika kila njia panda ya vipande. Kwa vipande 70 ni mafundo 54, kazi ya jioni mbili. Bitana ilikuwa pana kuliko sehemu ya juu. Ibakize sentimita 5 kila upande, ikunje mara mbili kuja juu, kisha ishone. Umepata pindo imara bila kununua utepe. Urefu wa uzi huandikwa kwenye lebo yake. Usomwe kabla ya kulipia.

Asiye na cherehani wala subira ya kukata miraba ana njia nyingine, na sisi tunaipenda zaidi. Katika jimbo la Karnataka nchini India wanaishi Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, ambao wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi kwa nguo zilizochakaa. Hawaunganishi kwanza sehemu ya juu. Huanzia kwenye kona ya bitana, huweka kiraka cha umbo lolote, hukunja ukingo wake, hukishona moja kwa moja kwenye bitana kwa bandi ndogo, kisha huweka kingine kando yake. Huzunguka hivyo pindo hadi pindo mpaka wakutane katikati. Kila kona hupambwa kwa vipande vya pembetatu vilivyokunjwa, ambavyo kwao huitwa ua. Njia hii haina mabaki ya kutupa, kwa sababu kiraka hakilazimiki kuwa mraba, na ushonaji huenda pamoja na uunganishaji. Anayejua kushika sindano anaweza kuanza leo.

Nguo zikipungua, mitumba itasaidia. Chagua mashuka na mashati makubwa, maana mlaji hulipia kipande kimoja bei ileile kiwe kikubwa au kidogo. Ukitaka kujua kama ni pamba, chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani na uuchome nje ya nyumba juu ya sahani. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Uzi wa kiwandani hujikunja na kuacha punje ngumu nyeusi. Mitumba yote ifuliwe kwa maji ya moto na kupigwa pasi kabla ya mkasi. Nguo mpya nazo zifuliwe kwanza ili zijivute kabla hazijashonwa. Kwa rangi inayoshukiwa, hasa nyekundu na buluu, sugua kitambaa cheupe kilicholowa juu yake. Kikitoka na rangi, nguo hiyo iloweke peke yake na kuisuuza mpaka maji yatoke meupe.

Aliyepunjwa kitambaa atunze stakabadhi na kipande chenyewe bila kukikata zaidi, kisha awahi ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa wake. Kitambaa kilichokwisha kuwa viraka 70 hakiwezi kupimwa tena.